Mshale Usiorudi Sifuri

Mshale haukurudi kwenye sifuri. Ulitua juu yake kidogo, upana wa ukucha tu, mahali ambapo pikipiki inayosukumwa kwa mkono ingeufikisha. Lakini pikipiki ile haikuwa ikisukumwa na mtu. Ilikuwa juu ya stendi katikati ya karakana, injini baridi, gurudumu la mbele limeinuliwa juu ya gogo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Safinah.

Ilikuwa Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi. Safinah aliiandika saa hiyo katika daftari, kwa maana ndivyo alivyofundishwa chuo kikuu na ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka kumi na miwili: kwanza kuona, kisha kuandika, kisha ndipo kugusa. Saa moja kabla ya hapo alikuwa ameuweka mshale ule kwenye sifuri kwa mkono wake mwenyewe, akarudisha kioo, akakaza pete yake.

“Mita yangu mimi haina fujo hiyo,” alisema Barnabé kutoka mlangoni. “Inalala tangu ninunue pikipiki. Hata kukoroma haikoromi.”

Barnabé alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwendesha bodaboda, na kituo chao cha bodaboda kilikuwa mbele ya mlango wa Safinah, hapo Nateete, hatua chache kutoka sokoni. Kila asubuhi alipeleka mayai kwenye hoteli za Nakasero, trei ishirini zikiwa zimefungwa nyuma kwa mipira. Trei zilizochakaa alimpa Safinah, naye alizitumia kwa kazi yake: kila kipande alichokitoa katika mita alikiweka ndani ya shimo lake, la kwanza, la pili, la tatu, kwa mpangilio uleule wa kufungua, ili wakati wa kufunga arudi nyuma shimo kwa shimo bila kukosea.

“Nimekuambia miaka mitatu uilete niitengeneze,” Safinah alisema, macho hayakutoka kwenye mshale.

“Ya nini, dada? Mayai ndiyo mita yangu. Yakinyamaza, naenda vizuri. Yakianza kugongana, najua naenda mbio.”

Safinah alitabasamu, lakini aliandika: *saa 3:52, mshale kwenye tano.*

Pikipiki iliyokuwa kwenye stendi ilikuwa ya marehemu babu yake Safinah, Mzee Fadmulla. Ilikuwa ya Kiingereza, nzito, yenye umri wa zaidi ya miaka sitini, na mita mbili za duara mbele ya usukani: moja ya mwendo, kwa maili, na moja ya mizunguko ya injini; kati ya hizo mbili, juu ya taa, ilikuwa geji ndogo ya chaji. Baba yake mdogo, Abdul-Karim, alikuwa ameihifadhi stoo kwa muda mrefu chini ya turubai, hadi alipomruhusu Tamim, mdogo wake Safinah, aichukue. Jumapili iliyokuwa ikija Tamim angeitanguliza mbele ya msafara wa harusi ya dada yao Husnah, kutoka Nateete mpaka Port Bell, ambako karamu ingefanyika kando ya ziwa. Injini ilikuwa imekubali. Mita ndizo zilizokuwa zimekataa, na Wanubi wenzake wa Nateete walimjua Safinah kuwa ndiye wa kuzikubalisha.

Alhamisi iliyotangulia Tamim alikuwa ameileta. Jumamosi Safinah alikuwa amefungua mita ya mwendo. Na katika shimo la kumi na mbili la trei alikuwa ameweka kitu ambacho hakikuwa na jina katika kitabu chochote cha ufundi.

Kilikuwa chini ya sahani ya namba, mahali pasipopaswa kuwa na kitu isipokuwa hewa: kijifuko cha ngozi kisichozidi ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Ngozi ilikuwa imepasuka, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa zafarani. Safinah aliona mwanzo wa aya moja, akaacha kusoma. Hakuogopa. Alichosikia ni aibu, kwa sababu mafuta machafu ya kebo yalikuwa yameanza kuigusa karatasi, na maneno yale hayakuwa ya kulazwa kwenye grisi. Akanawa, akatawadha, akakifunga katika kitambaa safi na kukiweka juu kabisa ya kabati. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba maandishi ya namna hiyo yakichakaa hayatupwi; yanapewa maji mengi, mahali ambapo mguu wa mtu hautayakanyaga. Kesho yake, Jumapili, alikuwa na kazi ya geji ya injini ya boti huko Port Bell. Alipoimaliza alikwenda mwisho wa gati, akakifunga kitambaa na jiwe, akasema bismillahi, akakiachia. Jioni, mbele ya namba kumi na mbili katika daftari lake, aliandika: *si sehemu ya chombo.*

Sasa ilikuwa Jumanne, na mshale ulikuwa kwenye tano.

Alianza pale ambapo fundi yeyote makini angeanza. Mita ya namna ile hufanya kazi bila vitu kugusana: kebo kutoka gurudumu huzungusha sumaku, sumaku huzunguka ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu pasipo kukigusa, kikombe huvutwa kana kwamba kimeshikwa, na springi nyembamba kama unywele hukirudisha. Springi ikichoka, mshale haurudi. Akaipima, ilikuwa nzima. Sumaku nyingine ikiwa karibu, mshale hudanganyika. Akaenda kwa jirani yake Opoka, fundi wa redio, akamwomba asogeze sanduku la spika kutoka ukutani.

“Zimekukosea nini spika zangu?” Opoka aliuliza.

“Bado sijajua kama ni zenyewe.”

Aliporudi mshale ulikuwa kwenye kumi. Akachomoa kebo. Mshale haukutikisika. Akaitoa mita yote kutoka kwenye pikipiki, akailaza juu ya meza, juu ya taulo, peke yake, haina kebo, haina waya, haina chochote kinachoiunganisha na dunia, akafunga mlango saa kumi na mbili kamili, akaenda nyumbani.

Jumatano, saa saba na dakika ishirini mchana, adhuhuri ikiwa imeswaliwa na soko limelegea kwa joto, Safinah alisikia harufu. Ilikuwa harufu ya mafunjo yaliyooza, ya matope ya ziwa yaliyokanyagwa, nayo haikuingia kwa mlango wala kwa dirisha, ilianzia mezani. Kisha akasikia mlio mwembamba, mlio wa sumaku inayozunguka ndani ya kikombe chake, mlio alioujua kama mtu anavyoijua sauti ya mwanawe. Mshale ukapanda. Ulipanda taratibu mpaka ishirini, ukashuka, ukatua kwenye sifuri, ukangoja, ukapanda tena mpaka thelathini, na namba ndogo za maili, zilizosimama kwenye 31,407 tangu kabla yeye hajazaliwa, zikaanza kugeuka kwa sauti ya tik, kimya, tik.

Safinah aliandika. Saa, mwendo, kituo. Saa, mwendo, kituo. Barnabé aliyeingia kuomba maji ya kunywa alisimama nyuma ya bega lake akiwa ameshika kikombe, akatazama ile meza, kisha akalitazama daftari.

“Dada,” alinong’ona, “hii ni njia.”

“Njia gani?”

“Hapa amesimama, ni taa za Mengo. Hapa amekwenda polepole, ni mjini, msongamano. Hapa amefungulia, ni Barabara ya Jinja. Mimi napita hapa kila siku. Mtu anaendesha hii kitu, dada. Anaendesha sasa hivi.”

Mshale ukafika arobaini. Ukafika hamsini, sitini, sabini, na harufu ya mafunjo ikawa nzito hata Barnabé akaziba pua kwa kola ya shati. Kisha, kutoka sabini, mshale ukawa kwenye sifuri. Haukushuka. Safinah alijua kwamba springi huurudisha mshale kwa mwendo mmoja laini, hata gurudumu likifungwa breki kwa nguvu; huu ulikuwa pale, kisha ukawa hapa. Namba zilisoma 31,414.

“Maili saba,” Safinah alisema.

“Hapo ni bwawani, chini ya Bugolobi,” Barnabé alisema. Hakunywa yale maji.

Nyuma yao kitu kililia, mlio mfupi wa chuma kinachobeba uzito. Pikipiki ilikuwa bado juu ya stendi yake, uso ukiwa na tundu mahali pa mita. Springi za nyuma zilikuwa zimeshuka. Safinah alichukua rula, akapiga goti, akapima: milimita ishirini na sita, sawasawa na springi zile zinavyoshuka mtu mzima mwembamba anapokaa kwenye kiti cha abiria. Akaiandika hiyo pia. Kisha akatoka nje, akakaa juani, na hakurudi ndani mpaka alipokuja Opoka kukaa naye.

Jioni ileile Tamim alifika nyumbani akiwa na kiwiko kilichochunika na suruali iliyopasuka gotini.

“Usinipigie kelele, dada,” alisema. “Nilikuwa kwenye pikipiki yangu mwenyewe, ile ndogo, hapa hapa Nateete. Mita inasema ishirini. Naapa ilisema ishirini. Halafu lori likawa mbele yangu kama limetupwa. Nikajilaza chini. Walioniokota wanasema nilikuwa nakimbia kama mwizi.”

“Ulisikia harufu?”

Tamim aliacha kukipangusa kiwiko chake. “Nani amekuambia kuhusu harufu?”

Alhamisi asubuhi Safinah alimwita Abdul-Karim karakana. Mzee, aliyekuwa ameendesha mabasi kwa miaka thelathini na ambaye hakupenda kuketi mahali asipoweza kuona mlango, alikuja na fimbo yake. Alisikiliza yote, kisha akanyoosha kidole kwenye trei ya mayai iliyokuwa mezani.

“Hilo shimo tupu. Kulikuwa na nini?”

“Kijifuko cha ngozi, Baba mdogo.”

“Kiko wapi?”

Safinah akamwambia. Mzee alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaitengeneza kingo zake kwa vidole.

“Kosa ni langu,” alisema. “Nilipaswa kukwambia. Niliona aibu, umesoma, ungenicheka.” Akavuta pumzi. “Babu yako alikuwa akipeleka barua za serikali kwenye meli za Port Bell, kwa pikipiki hiyo. Siku moja mchana, bwawani, alimkuta mama amesimama kando ya barabara, amelowa. Akamwambia panda, mama, nitakufikisha Port Bell. Yule akapanda. Walipokwenda kidogo babu yako akasikia ile harufu, akasikia baridi inampenya mgongoni kupitia koti, akajua amebeba nini. Akasimama, akamwambia shuka. Akashuka. Hakumfikisha. Tangu hapo, kila akiendesha, nyuma kuna uzito, na mita inamwambia uongo. Babu yako alikuwa mwerevu, aliacha kuitazama. Ndugu yake Murjani hakujua. Aliiazima siku moja tu. Barabara tupu, mchana, pale pale bwawani, sabini. Baada ya maziko ndipo shehe mmoja wa Bombo akaandika maneno, akayashona chini ya sahani ya namba, kwa maana hapo ndipo yule mama alipokuwa ameshika.”

“Basi tusiiendeshe,” Safinah alisema. “Tuikatekate, tuuze chuma.”

“Na kile kiwiko cha Tamim? Alikuwa juu ya chuma gani?”

Safinah alihesabu siku. Msafara ungekuwa Jumapili. Hata kama Tamim angetembea kwa miguu, Jumatatu angepanda kitu chochote chenye magurudumu, na yule mama angepanda nyuma yake.

Yule shehe alikuwa amekufa zamani, lakini binti yake alikuwa hai. Bi Sumayiya aliletwa kutoka Bombo Ijumaa baada ya swala, mwembamba, mwenye shela ya rangi ya machungwa na kopo la uvumba kwapani. Wote walimwita Haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Aliizunguka pikipiki mara tatu bila kuigusa, kisha akakaa kwenye kiti cha Safinah na kuagiza chai yenye tangawizi nyingi.

“Umelifanyia adabu neno la Mungu,” alimwambia, “na ukawasahau watu. Usilie. Mimi pia ningeliona pale kwenye mafuta ningelitoa.”

“Haboba, unaweza kuandika jingine?”

“La baba yangu lilimfunga akiwa mwenye hasira. Sasa amekaa amefungwa miaka yote hiyo, ana hasira zaidi. Mimi si baba yangu.” Akapuliza chai. “Lakini huyu hapandi kwa nguvu. Alikaribishwa, akaahidiwa, akashushwa njiani. Anachotaka ni kufikishwa. Mwenye kumfungua ndiye amfikishe. Unajua kuendesha hii?”

“Najua. Kila mita ninayotengeneza huijaribu barabarani.”

“Basi kesho, mchana, saa yake. Usigeuke. Usijibu akikusemesha. Usiuamini mshale. Ukifika mwisho wa nchi kavu, mwambie amefika, umshukuru kwa kungoja, ushuke, uondoke kwa miguu. Na usimwalike mahali pengine popote, hata kwa neno moja la mzaha.”

Usiku huo Safinah aliketi na daftari kupanga kazi kama alivyopanga kazi nyingine yoyote. Tatizo lilikuwa moja: asipouamini mshale, ataujuaje mwendo wake? Kwa sauti ya injini pia angeweza kudanganywa. Alihitaji kipimo kilichokuwa nje ya pikipiki, kisichoguswa na chochote kilicho juu yake. Asubuhi aliirudisha mita mahali pake kwenye pikipiki, kisha akamwendea Barnabé.

“Utatangulia mbele yangu,” alimwambia, “umebeba mayai. Mwendo wa mayai, usiongeze, usipunguze, mpaka gatini. Mimi nitakuwa nyuma yako umbali wa nguzo mbili za umeme. Nikikukaribia, najua nimezidi.”

“Na kama nikisikia kitu nyuma?”

“Endelea tu.”

Barnabé alifikiri, akafanya ishara ya msalaba. “Mayai ya mtu nitayapata wapi Jumamosi mchana? Nitabeba yale ya Pélagie wangu. Yakivunjika, wewe utamweleza mke wangu.”

Alimpa maelekezo hayo, na hayo tu, kwa sababu hayo tu ndiyo yaliyomhusu mtu anayetangulia.

Saa saba na dakika ishirini Haboba alichoma uvumba, Abdul-Karim akashika kichwa kwa mikono miwili, na Safinah akawasha injini. Springi za nyuma zikashuka. Baridi ikampenya mgongoni, nyembamba, ya maji, na pua yake ikajaa bwawa. Mbele, Barnabé aliinua mkono, akaondoka, na yeye akaondoka nyuma yake.

Mengo ilipita, na mji ukapita, na kwa muda wote huo mshale ulikuwa mkweli kabisa, ukipanda alipofungua na kushuka alipofunga, mpole kama chombo kilichotengenezwa vizuri, hata akajikuta akifurahia kazi ya mikono yake. Ilikuwa baada ya kuingia Barabara ya Port Bell ndipo kitu kilipoegemea bega lake la kushoto, uzito wa kidevu, na sauti ya Tamim, sauti ileile ya asubuhi akiomba chai, ikasema karibu na sikio, dada, tutachelewa, angalia mita yako, tunatambaa. Safinah hakujibu. Lakini yeye alikuwa mtu wa mita, mita zilikuwa zimemlisha na kumsomesha, na macho yake yakashuka yenyewe: mshale ulikuwa kwenye kumi na tano, ukitetemeka kwa uvivu, na injini chini yake ilikuwa ikinung’unika sauti ya kumi na tano, na upepo usoni ulikuwa upepo wa kumi na tano, na mkono wake wa kulia ukaanza, pasipo yeye kuutuma, kuzungusha mpini wa mafuta, kidogo, kidogo tena, kwa sababu kila kitu alichowahi kujifunza kilimwambia kwamba anakwenda polepole mno na msafara wa dunia nzima unamngoja, na sauti ikasema vizuri, dada, vizuri, na mafunjo yakatokea pande zote mbili za barabara, mabichi, marefu, yakiinamisha vichwa, na ndipo alipoinua macho na kuuona mgongo wa Barnabé, ambao ulipaswa kuwa nguzo mbili mbele, ukiwa mkubwa kama ukuta, trei za mayai zikimjia usoni moja juu ya nyingine, hata angeweza kuyahesabu.

Akafunga mpini. Akakanyaga breki. Tairi la nyuma lililia, pikipiki ikayumba, mgongo wa Barnabé ukarudi kuwa mdogo, na mayai hayakuwa yamegongana hata moja. Mshale bado ulikuwa kwenye kumi na tano. Safinah alivua mtandio wake shingoni kwa mkono mmoja, akaufunika juu ya mita, akaendelea mpaka Luzira, penye gati la Port Bell, huku akisoma aya moja tena na tena, macho yakiwa kwenye mayai.

Mwisho wa gati alizima injini. Maji yalipiga nguzo. “Umefika,” alisema bila kugeuka. “Asante kwa kungoja.” Springi za nyuma zikapanda, polepole, milimita kwa milimita, na baridi ikatoka mgongoni mwake kama nguo iliyolowa inavyovuliwa. Akashuka, akatembea. Hatua kumi baadaye akakaa chini kwenye saruji.

Barnabé alikuwa ameinama nyuma ya pikipiki yake akikagua mayai. Kwa midomo ya mtu aliyeita abiria maelfu kwa maelfu, pasipo kuinua kichwa, alisema, “Nnyabo, tugende? Mama, twende?”

Safinah alicheka kwa uchovu. “Mimi siendi popote. Niache kwanza.”

Barnabé aliinua kichwa, akamtazama pale alipokaa, kisha akatazama upande wa pili, upande wa maji. “Nilidhani kuna mama hapa,” alisema. “Haidhuru. Mayai yote mazima.”

Jumapili Husnah aliolewa. Safinah alikuwa ameitoa mita ya mwendo na kuziba tundu lake kwa bati lililopakwa rangi nyeusi, na Tamim alitangulia msafara kwa furaha, mwendo wa mayai, mpaka Port Bell, na akala wali mwingi. Abdul-Karim alicheza. Mita yenyewe ilikuwa mezani juu ya taulo, mshale kwenye sifuri kabisa, namba zimesimama. Safinah aliitazama Jumapili usiku na Jumatatu asubuhi. Akaandika: *hakuna mabadiliko.* Akapiga mstari chini ya ukurasa.

Jumatatu, saa saba na nusu mchana, simu yake ililia. Alikuwa Barnabé, simu ikiwa imebanwa ndani ya helmeti kama kawaida yake.

“Dada Safinah, wewe ni mtu wa siri. Umenitengenezea mita bila kuniambia.”

Safinah alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka chini. “Sijaigusa mita yako.”

“Inafanya kazi, dada. Miaka mitatu imelala, leo imeamka. Inasema thelathini. Haipandi, haishuki. Nimepata mteja mpya huko Luzira, nampelekea trei ishirini. Naikaribia Bugolobi sasa.”

Kupitia simu Safinah alisikia upepo. Nyuma ya upepo alisikia injini ya Barnabé, injini aliyoisikia mbele ya mlango wake kila siku, na alijua sauti yake kwenye thelathini, na kwenye hamsini, na kwenye themanini. Hii haikuwa yoyote kati ya hizo. Ilikuwa ikipanda bado.

“Barnabé,” alisema kwa utulivu, neno kwa neno. “Usiiangalie mita. Inakudanganya. Funga mpini sasa hivi, na usikilize mayai. Mayai yanasemaje?”

Upepo ukazidi. Kisha Barnabé akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa tu, bado hajafika kwenye hofu.

“Yametulia, dada. Yametulia kabisa. Kama kuna mtu ameyapakata.”